Kengele Aliisikia, Muda Ndio Haukuwapo

"Nilipiga kengele." Hayo ndiyo maneno ya kwanza yaliyonitoka nikiwa nimelala ubavu kwenye lami, gurudumu la mbele la baiskeli bado linazunguka hewani na kamba ya mbwa imenizonga mguu. Niliyarudia, kana kwamba palikuwa na hakimu pale njiani anayeandika maelezo. "Mama, nilipiga kengele."

Mama mwenyewe, mpita njia niliyemwangusha, alikuwa amekaa chini, ameshika kifundo cha mkono wa kushoto, mbwa wake akimzunguka na kumnusa uso. Hakunifokea. Alinitazama, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Kengele nimeisikia, mwanangu. Muda wa kuifanyia kazi ndio sikuupata."

Nimeendesha baiskeli tangu utotoni. Nilijua breki, nilijua gia, nilijua kukata kona. Lakini karibu yote niliyokuja kujifunza kuhusu kupita salama kati ya watu na mbwa yamo ndani ya maneno yale ya mama, na imenichukua miaka kuyachambua.

Ilitokea hivi. Njia yenyewe ni ya pamoja: waenda kwa miguu, wakimbiaji, wenye mbwa, watoto wanaojifunza baiskeli, na sisi watu wazima wa magurudumu mawili, wote kwenye lami yenye upana wa mita tatu hivi. Katika nchi nyingi alama ya njia ya namna hii ni duara la bluu lenye picha ya mtu na ya baiskeli. Ukiona mstari wa kusimama kati ya picha hizo, njia imegawanywa na kila mmoja ana upande wake. Ukiona mstari wa kulala, au hakuna mstari kabisa, mnachangia upana wote. Yetu haikuwa na mgawanyo. Nilikuwa nimeipita alama ile mamia ya mara bila kujiuliza inanidai nini.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka, lami kavu. Sina cha kusingizia. Kipima mwendo kwenye usukani kilisoma kilomita 22 kwa saa. Mama alikuwa mbele yangu, anaelekea nilikoelekea, amejisogeza ukingo wa kushoto. Mbwa wake alikuwa ukingo wa kulia akinusa majani. Kati yao palikuwa wazi, tena papana, nami nikalenga hapo. Kamba sikuiona. Ilikuwa ya aina ile nyembamba inayojikunja ndani ya kishikio, ambayo mbwa akisogea inarefuka hata mita tano na zaidi, akirudi inajivuta yenyewe. Ukiitazama kwa nyuma, tena kwa mwendo ule, ni kama uzi wa buibui. Nilichodhani ni uwazi kilikuwa mlango uliofungwa.

Nikapiga kengele nikiwa nimebakiza kama mita tano. Mama akashtuka, akageuka kutazama nyuma kwa bega la kulia, na mwili ukafuata macho: hatua moja, hatua mbili, akawa anaelekea katikati ya njia. Mbwa naye akarukia majani, na kamba ikakazika kati yao kama waya wa kuanikia nguo. Nilibana breki zote mbili, nikawa nimechelewa. Kamba iliingia kwenye gurudumu la mbele, ikamvuta mama chini kabla kishikio hakijamponyoka, na mimi nikaangukia bega. Mtulinga wangu ulivunjika. Kifundo chake cha mkono kiliteguka vibaya. Mbwa hakupata hata mchubuko, na kwa hilo nashukuru mpaka leo.

Nikiwa nimekaa nyumbani, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, nilifanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya miaka mingi nyuma. Kilomita 22 kwa saa ni mita sita kila sekunde. Mama alikuwa anakwenda mbele kwa mwendo wa kutembea, mita moja na nusu kwa sekunde au pungufu. Kwa hiyo tangu kengele ilie hadi gurudumu langu limfikie kulikuwa na sekunde moja na kidogo. Ndani ya sekunde hiyo nilimtaka asikie, atambue ni baiskeli, ajue inatoka wapi, amkumbuke mbwa, achague upande, avute kamba, asogee. Hata kijana mwepesi asingeyaweza.

Kisha nikahesabu upande wangu. Tangu jicho lione hatari hadi vidole vibane breki sawasawa, mtu asiyetarajia jambo hutumia kama sekunde moja na nusu, na wakati wote huo baiskeli inakwenda tu. Ndipo breki inapoanza kazi. Kwa breki nzuri, kwenye lami kavu, ukiwa kwenye kilomita 10 kwa saa utasimama ndani ya mita tano au sita. Kwenye kilomita 20, mita 13 au 14. Kwenye kilomita 30, mita 24 hivi. Na kishindo cha kugonga hakipandi sambamba na mwendo, kinapanda kwa mraba wake: ukipunguza mwendo nusu, nguvu ya kugonga inabaki robo. Nilikuwa nimepiga kengele mita tano nyuma ya mtu nikiwa kwenye mwendo unaohitaji zaidi ya mita 14 kusimama. Kengele ile ilikuwa taarifa ya jambo ambalo sikuwa tena na uwezo wa kulizuia.

Hesabu iliyoniuma kuliko zote ilikuwa nyingine. Kile kipande cha njia ya pamoja kina urefu wa kilomita mbili. Kwa mwendo wangu wa kawaida nilikimaliza kwa dakika tano na nusu. Kwa kilomita 15 kwa saa ningekimaliza kwa dakika nane. Dakika mbili na nusu. Nilikaa na namba hiyo siku nzima, nikiufikiria mkono wa mama.

Sikugusa baiskeli kwa zaidi ya wiki sita, na katika wiki hizo nilitembea. Daktari alisema kutembea ni sawa, nami nikaenda kutembea njia ileile. Namshauri kila mwendesha baiskeli afanye hivyo, hata kama hajavunjika popote. Nenda kwa miguu, peke yako, kwenye njia unayoipitaga kwa baiskeli, nenda saa ambayo wenzako wengi wanapita, halafu usikilize mwili wako.

Jambo la kwanza nililogundua ni kwamba baiskeli haina sauti. Ukiwa juu yake unasikia upepo, cheni, tairi, pumzi yako, unadhani dunia nzima inasikia. Ukiwa mbele yake husikii kitu, hasa upepo ukiwa usoni. Unatembea na mawazo yako, mara kitu kinapita bega kwa bega, unahisi upepo wake shavuni, na moyo unaruka. Hakijakugusa. Aliyepita pengine anajisifu moyoni kwamba amepita vizuri. Wewe unabaki umesimama, mkono kifuani, na kwa dakika kadhaa zinazofuata kila jani linalosogea nyuma yako unaligeukia. Nilikuwa mtu mzima mwenye afya, nina mkono mmoja tu usiofanya kazi, na bado niliogopa. Nikawafikiria wazee wasiotembea imara, wajawazito, watu wanaojikokota baada ya upasuaji. Kwao kushtuka peke yake kunatosha kuwaangusha.

La pili lilikuwa kengele. Kuna kengele inayokukaribia kutoka mbali, ting, ting, una nafasi ya kumaliza sentensi yako, kugeuka, kusogea, hata kutabasamu. Na kuna ile inayolia mgongoni, na hiyo haitofautiani na honi ya lori. Kengele ni ileile, kilichobadilika ni mita. Na kuna tabia ya tatu, ya mtu anayepiga mfululizo bila kupunguza mwendo, kama anayesafisha njia. Huyo humkasirisha hata mtu mpole, na mtu aliyekasirika hasogei haraka.

La tatu: watu hawatembei kwenye mstari. Mimi mwenyewe nilijikuta nakwepa dimbwi, nasogea kuangalia ndege, nasimama ghafla kwa sababu simu imetetema mfukoni. Nikiwa juu ya baiskeli nilikuwa nawaona wanaofanya hivyo kama wazembe. Nikiwa kwa miguu niliona kuwa huko ndiko kutembea kwenyewe. Mwenda kwa miguu hana usukani, hana kioo, na hakutoka nyumbani kuja kulinda mgongo wake.

Nilikutana na mama tena katika wiki ya tatu. Mkono wake bado ulikuwa umefungwa bendeji. Nilimsalimia kwa aibu, akaniitikia kwa ukarimu ambao sikuustahili, akaniambia nitembee naye. Tulitembea pamoja asubuhi nyingi baada ya hapo, na sehemu kubwa ya ninayoyajua kuhusu mbwa nimeyapata kwake, kidogokidogo, mbwa akiwa mbele yetu.

Nitaanza na yale ya watu, kwani kwa mbwa nitakawia.

Niliporudi kwenye baiskeli nilijiwekea mpango mmoja. Nikimwona mtu mbele, kitu cha kwanza ni kuacha kupiga pedali. Kabla ya kengele, kabla ya chochote. Mwendo unaanza kushuka wenyewe, na kitovu cha gurudumu la nyuma kinatoa ile sauti yake ya tiki-tiki-tiki, ambayo wengi huisikia na kugeuka taratibu bila kushtuka. Kisha napiga kengele mara moja nikiwa mita 30 nyuma, mbili kama kuna upepo. Kwa kilomita 15 kwa saa, mita hizo 30 zinampa mtu sekunde kumi na kidogo kabla sijamfikia. Hizo ndizo sekunde alizozikosa mama. Halafu nasubiri jibu. Jibu ni bega lililogeuka, mkono ulioinuliwa, mwili uliosogea. Nisipopata jibu, najihesabu kuwa sijasikika, nashuka hadi mwendo wa kutembea, na nikifika karibu natumia mdomo: "Samahani, naomba kupita."

Maneno nayo yana mtego wake. Zamani nilikuwa napaza sauti "kulia!" nikimaanisha ninapita kulia. Nusu ya watu walirukia kulia. Mtu aliyeshtuka hasikii sentensi, anasikia neno moja, na neno hilo analitii kwa miguu. Siku hizi naanza na ombi, kisha namwambia abaki alipo: "Baki hapohapo, mzee, ninapita kulia kwako." Na napita nikiwa nimemwachia nafasi ya mkono mzima ulionyooshwa, zaidi ikiwezekana. Nikiona nafasi hiyo haipo, sipiti. Nafuata nyuma mpaka njia ipanuke au nashuka nasukuma. Upande wa kupitia unategemea sheria ya nchi uliyopo, lakini ukiufahamu ushike uleule kila siku, maana watu huzoea.

Kuna asiyesikia, na hutamjua kwa kumtazama mgongo. Kuna asiyeona, naye huyo kengele inamwambia baiskeli ipo, haimwambii iko wapi wala inapita upande gani. Ukiona fimbo nyeupe, kumbuka inapapasa ardhi mbele yake kulia na kushoto, na gurudumu likiingia njiani mwake unaweza kuivunja, ukamwacha mtu bila macho yake katikati ya njia. Kwa mtu huyo mimi nasimama kabisa, naongea, na napita baada ya yeye kusema pita.

Watoto ni sura ya peke yao. Mtoto akisikia kengele hasogei pembeni, anakimbilia kwa mzazi, na mzazi mara nyingi yuko upande wa pili. Kwa hiyo mtoto akiwa upande mmoja na mkubwa upande mwingine, ni kamba ileile ya mbwa, isipokuwa hii haionekani hata kidogo. Hapo napita kwa mwendo wa miguu, vidole viko kwenye breki, na namtazama mtoto tu.

Na wenye hedifoni? Wenzangu wengi huwalaumu, nami niliwahi kuwa kwenye kundi hilo. Nimebadilika. Mtu ana haki ya kutembea akisikiliza anachopenda, kama alivyo na haki ya kuzaliwa kiziwi. Nikimwona na hedifoni, maana yake ni kwamba kengele yangu haifanyi kazi leo. Ni habari inayonihusu mimi.

Sasa mbwa.

Somo la kwanza la mama lilikuwa kwamba mbwa na mwenye mbwa ni kitu kimoja chenye sehemu tatu: mtu, kamba, mnyama. Usipoziona zote tatu, hujaona. Ukimwona mtu ameshika kitu mkononi mbele ya tumbo, hujaona mbwa, tafuta mbwa. Ukimwona mbwa peke yake, tafuta mtu, na ukishamwona, chora mstari kati yao kwa jicho, uuchukulie kuwa ni ukuta hata kama hakuna kamba, kwa sababu mbwa akiitwa atapita hapohapo. Tangu siku ile sijawahi kupita kati ya mtu na mbwa wake. Sijali pana vipi.

La pili ni kwamba kengele nampigia mwenye mbwa, na nampa muda wa kumwita mnyama kwake. Muda huo ni mrefu kuliko wa mtu aliye peke yake. Lazima amwite, mbwa aamue kutii, kamba ifupishwe, mbwa akae upande wa mbali na njia. Mama alihitaji sekunde nane au tisa, na mbwa wake ni mtiifu. Kwa mbwa mchanga ongeza maradufu. Nikiona mtu anahangaika kukusanya kamba, nasimama, mguu chini. Wenye mbwa wengi wananishukuru kana kwamba nimewapa zawadi.

La tatu lilinishangaza. Mbwa husikia milio mikali ambayo sisi hatuisikii: sikio la binadamu linakomea kwenye hezi 20,000 hivi, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, lake linavuka hezi 40,000. Breki inayolia, ambayo kwangu ilikuwa kero ndogo, kwake ni kelele inayochoma. Mama alinionyesha siku moja mbwa wake alivyolaza masikio na kujikunyata baiskeli moja ilipofunga breki nyuma yetu. Wiki hiyo nilisafisha zangu na kubadilisha pedi.

La nne ni kumsoma mwili. Mbwa aliyelegea, mkia unacheza chini chini, anakuona na kuendelea kunusa, huyo huna shida naye. Mbwa aliyekakamaa, aliyejiinamisha kama paka anayewinda, macho hayatoki kwenye magurudumu, huyo anakaribia kukurukia, hata kama hajabweka. Silika ya kufukuza kinachokimbia iko ndani ya mbwa wengi, na mbwa wa kuchunga mifugo wanaweza kuiona baiskeli kama mnyama aliyetoroka kundini. Hana chuki nawe. Anafukuza mwendo. Na huo unaweza kuuondoa.

Hilo la mwisho nililifanyia jaribio bila kutaka. Mbwa mkubwa asiye na kamba alinitokea kwenye kona, akaanza kukimbia sambamba na mguu wangu akibweka. Mwili wote uliniambia kanyaga, kimbia. Nikakumbuka maneno ya mama, nikapunguza, nikasimama, nikashuka upande usio na mbwa, baiskeli ikawa kati yetu kama ua. Nikaongea naye kwa sauti ya chini na nzito, bila kumkazia macho. Alibweka mara tatu nne zaidi, kisha akaonekana kama aliyesahau alikuja kufanya nini. Mwenyewe akafika anahema, akamshika ukosi. Nikatembea kwa miguu hatua 30 kabla ya kupanda tena. Kumpiga teke mbwa ukiwa juu ya baiskeli ni njia ya uhakika ya kuanguka, na mtu aliyelala chini yuko pabaya zaidi.

Mwenzangu mmoja wa matembezi ya Jumapili hakuwa na bahati hiyo. Aliumwa shavu la mguu, meno mawili tu, damu kidogo. Alitaka kufunga kitambaa aendelee. Tulimkatalia. Kidonda cha mbwa kinaoshwa papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, saa mkononi, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa na ushauri kuhusu pepopunda. Sharti hili halina mjadala, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili karibu kila mtu hufa, ilhali chanjo ikianza mapema huzuia. Chukua pia mawasiliano ya mwenye mbwa ili ijulikane kama mnyama kachanjwa. Alichomwa sindano zake zote, akapona, na bado anaendesha.

Kuna mbwa mmoja wa kumheshimu kipekee: anayemwongoza asiyeona, utamjua kwa kile kishikio kigumu kilichofungwa mgongoni mwake. Huyo yuko kazini. Usimpigie mluzi, usimwite, usimpite kwa kumgusa. Ongea na mtu.

Kuhusu chombo chenyewe nina machache. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha zaidi, kwa kuwa uzito unasogea mbele unapofunga, lakini ukiibana kwa hofu unaweza kupinduka au gurudumu likateleza. Jizoeze kuibana taratibu kisha kwa nguvu, mahali pasipo na watu, mpaka vidole vijue. Mvua ikinyesha, breki za kubana rimu hupoteza nguvu mizunguko ya kwanza, na majani yaliyooza huteleza kama sabuni; mwendo wa siku kavu usiubebe kwenda nao siku ya mvua. Usiku, taa ya mbele iinamishe imulike lami. Taa kali usoni humfanya mwenda kwa miguu asimame kipofu katikati ya njia, na mbwa mweusi aliye kando yake humwoni ng'o. Wenye baiskeli za umeme waongeze tahadhari: ni nzito zaidi, na mwendo unakuja bila jasho kukukumbusha kwamba unakimbia.

Ugomvi wa njia ni wa kale karibu kama chombo chenyewe. Mjerumani Karl Drais alionyesha mashine yake ya magurudumu mawili mwaka 1817, ile ya mbao iliyosukumwa kwa miguu. Barabara zilikuwa mashimo matupu, waendeshaji wakahamia njia za waenda kwa miguu, na haukupita muda miji kadhaa ikapiga marufuku. Ninapowaza hilo naona kuruhusiwa kwetu kwenye njia hizi si jambo la kulichukulia poa. Uingereza ilipobadilisha mwongozo wake wa barabarani Januari 2022 iliandika waziwazi kwamba anayeweza kudhuru zaidi ndiye anayebeba wajibu mkubwa zaidi wa kupunguza hatari. Watu hudhani kanuni hiyo iliandikwa kwa ajili ya madereva wa malori. Kwenye njia ya mita tatu, lori ni mimi.

Nikiwa na haraka ya kweli, siku hizi napita barabara kuu pamoja na magari, nikiwa na taa na kofia ngumu. Njia ya pamoja naiacha kwa siku zenye nafasi. Si kila mtu anaweza kuchagua hivyo, najua, maana barabara nyingine ni za kutisha. Lakini anayeweza, afanye hivyo.

Mwezi uliopita nilikuwa narudi jioni, jua limeinama. Niliwaona kwa mbali, mama na mbwa wake, ambaye sasa ana mvi puani na anatembea polepole kuliko zamani. Kamba ile nyembamba mama aliiacha; ana mkanda mfupi mpana wa rangi ya machungwa. Nikaacha kupiga pedali. Nilikuwa bado najiandaa kufikia kengele kwa kidole gumba, mbwa akasimamisha sikio moja. Alikuwa ameisikia ile tiki-tiki ya gurudumu. Akageuza kichwa, akanitazama, kisha akahama kwa hatua zake nzito kwenda upande wa majani na kukaa kitako dhidi ya mguu wa mama.

Mama hakugeuka hata. "Pita, mwanangu," akasema, "ameshakuona."